Jibu: Mdogo wangu ana lupus, shangazi anataka aache dawa aende homiopathi

Pole sana kaka, na mdogo wako mpe pole zangu. Umeuliza kama humu kuna mtu aliyewahi kutibu lupus kwa homiopathi, na kama yule mtaalamu aliyemwambia shangazi yenu kwamba dawa za hospitali "zinaua ini" anasema kweli. Aliyewahi kuijaribu ni mimi. Nina lupus tangu 2017, na mwaka 2020 nilikaa miezi minne nikimeza vidonge vya homiopathi tu. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kabla jina la ugonjwa halijapatikana nilitibiwa malaria mara ambazo sikumbuki idadi, na taifodi mara tatu. Homa za jioni. Vidole vimekakamaa asubuhi hadi naomba mtu anifungulie chupa ya maji. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Halafu usoni ikatokea alama imekaa mashavu yote mawili na kuvuka juu ya pua. Picha za mtandaoni zinaonyesha wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yangu ilikuwa kahawia iliyokolea, inakaribia zambarau, na mtaani wakakata shauri kwamba mkorogo umeniunguza. Sijawahi kupaka mkorogo maishani. Wengine, kwa vile nilikonda, walikata shauri jingine, unalijua.

Kibaya zaidi kilikuwa mimba yangu ya kwanza. Kliniki moja walinipima wakaniambia nina kaswende. Mume wangu alihama chumba wiki mbili, na mimba ikatoka ikiwa na miezi minne. Nilikuja kuelewa baadaye: baadhi yetu wenye lupus tuna kingamwili kwenye damu zinazokidanganya kipimo cha kawaida cha kaswende, na hizohizo zinaweza kugandisha damu kwenye kondo la nyuma mtoto akakosa chakula. Kwa hiyo mdogo wako akija kuambiwa ana kaswende, aombe kipimo cha pili cha kuthibitisha kabla hajagombana na mtu. Na akitaka mimba, aseme mapema kwa daktari wake, maana dawa nyingine za lupus zinamdhuru mtoto tumboni na nyingine hazitakiwi kuachwa hata akiwa mjamzito.

Sasa, lupus yenyewe. Jina ni Kilatini, maana yake mbwa mwitu, kwa sababu waganga wa zamani wa Ulaya waliona vidonda vya usoni vinafanana na mahali palipong'atwa. Mimi nauona zaidi kama mbwa wa nyumbani aliyeacha kubagua: kinga ya mwili, iliyowekwa kung'ata wadudu, inamng'ata mwenye nyumba. Leo viungo, kesho ngozi, keshokutwa figo. Kati ya watu wazima 10 wenye ugonjwa huu, 9 ni wanawake, na wengi huanza wakiwa wasichana au wamama vijana. Hauambukizi. Na kile kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, ambacho naona umekiweka picha, kikiwa chanya peke yake hakitoshi, maana wapo watu wazima wa afya ambao ni chanya pia. Daktari huunganisha na dalili, kipimo cha kingamwili dhidi ya DNA, na mkojo. Mkojo nitaurudia.

Hapo hapo utaona kwa nini ukisikia mtu anauza "dawa ya kuongeza kinga" umkimbie. Kinga ya mdogo wako haijapungua, imepotea njia. Kuna mimea, kama alfalfa na ekinasea, ambayo watu wenye lupus huambiwa waiepuke kwa sababu inaweza kuuamsha ugonjwa. Na akienda zahanati na mkojo unaouma asipokee Septrini kabla hajataja kwamba ana lupus. Dawa za jamii ya salfa zimewaamshia wengi.

Nilifikaje kwenye homiopathi? Sikuwa na imani yoyote, nilikosa dawa tu. Machi 2020, korona ilipoingia, ikatangazwa duniani kwamba haidroksiklorokwini, dawa yetu ya lupus, inaitibu, na sisi tuliokuwa tunaimeza kila siku tukakuta makabati ya maduka ya dawa ni meupe. Duka langu la kawaida likaniambia njoo wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena. Pale ilipoonekana, bei ilikuwa haisemeki. Rafiki wa kazini akanipeleka kwa mtaalamu wa homiopathi.

Nimtendee haki yule mama. Alinisikiliza saa moja na nusu. Aliniuliza naota nini, napenda chumvi au sukari, nalala ubavu gani, mimba iliyotoka niliilia au niliimeza. Hospitali nilizoea dakika saba, nyingine daktari yuko kwenye simu. Nilitoka kwake nalia lakini nimepoa, na usiku ule nililala kama mtoto. Ukitaka kujua kwa nini shangazi anampenda mtaalamu wake, anzia hapo.

Alinipa kichupa kimeandikwa Arsenicum album 30C. Ngoja niseme maana yake, kwa sababu watu wengi hapa nyumbani wanadhani homiopathi ni mitishamba. Siyo. Mwarobaini ukiuchemsha una uchungu, una kitu ndani yake, kizuri au kibaya. Homiopathi ni jambo jingine kabisa. Unachukua tone moja la dawa ya asili, hapa ni arseniki, unachanganya na matone 99 ya maji au spiriti, unatikisa. Hiyo ni 1C. Unachukua tone moja la hiyo, matone 99 tena. Unarudia hadi mara 30, kisha unadondoshea kwenye vidonge vya sukari. Ukifika mara ya 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata chembe moja ya ile arseniki umeshatoweka. Kwa 30C, ili uipate chembe moja ungemeza vidonge vizito kuliko dunia nzima. Wenyewe hawabishi hesabu hii. Wanasema maji yanakumbuka.

Aliyeanzisha ni Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikunywa gome la mkwinini akiwa mzima, akajisikia kama ana homa ya malaria, akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu. Jambo lililonichekesha nilipolisoma, nikiwa kitandani na mpira wa dripu mkononi: gome lilelile ndilo bibi wa dawa niliyoiacha. Kutoka kwenye kwinini watu walifika kwenye klorokwini, ile iliyokuwa inatuwasha utotoni hadi tunajikuna ukutani, na kutoka hapo haidroksiklorokwini. Daktari mmoja wa London, Payne, alishawapa kwinini wagonjwa wa lupus mwaka 1894. Kwa hiyo mimi nilitoka kwenye gome la mkwinini lenye dawa nikaenda kwa mjukuu wa Hahnemann asiye na kitu.

Mwezi wa kwanza nilikuwa vizuri. Wa pili pia. Viungo vimetulia, uso umesafika, nikawa naandika kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nimepona. Kama uzi wako ungekuwepo Mei 2020, ningekuja hapa kukwambia mpeleke mdogo wako haraka, na ningekupa namba ya simu. Hapa ndipo nataka usome polepole, maana kuna mambo mawili niliyoyajua nimeshachelewa.

La kwanza, lupus huamka na kulala yenyewe. Mtu haendi kutafuta tiba mpya siku aliyojisikia nafuu. Anakwenda siku imemzidi. Baada ya kuzidi, mara nyingi inashuka, hata angekunywa chai ya rangi. Aliyekuwa karibu siku inashuka ndiye anapewa sifa. Kwa hiyo ukiona ushuhuda wa "nilitumia wiki tatu nikapona", mwenye ushuhuda anaweza asiwe mwongo hata kidogo.

La pili ndilo lililonimaliza. Haidroksiklorokwini haitoki mwilini haraka. Inahitaji siku kama 40 kupungua nusu. Niliiacha mwisho wa Machi, kwa hiyo mapema Mei bado nilikuwa na nusu yake, katikati ya Juni robo, mwisho wa Julai sehemu moja ya nane. Ile miezi mizuri nilikuwa naishi kwa akiba ya dawa ya zamani, na sifa nampa yule mama na kichupa chake.

Julai miguu ikaanza kuvimba jioni, soksi zinaacha mtaro. Mkojo ukawa na povu kama umetia sabuni. Nikampigia. Akaniambia ni dalili njema, kwao hali kuzidi kidogo mwanzoni ni ishara kwamba dawa imeshika. Simlaumu kwamba alinidanganya kwa makusudi. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini mafundisho ambayo kupona ni ushahidi na kuumwa ni ushahidi, hayakuachii mlango wa kujua kwamba unakosea. Nikasubiri wiki tatu nyingine. Agosti nikaamka macho hayafunguki kwa uvimbe.

Hospitali wakapima mkojo, protini imejaa. Wakaninyofoa kinyama cha figo kwa sindano mgongoni, majibu yakaja: lupus ya figo, daraja la nne. Wakanipa prednisoloni, ambayo ni steroidi, ya dozi kubwa, uso ukawa mviringo kama sahani, maikofenoleti ya kutuliza kinga, na haidroksiklorokwini upya, ambayo nayo inachukua miezi miwili mitatu hadi ishike. Ilinichukua mwaka na zaidi protini kushuka. Figo zangu zipo, namshukuru Mungu, ila hazijarudi kama zamani. Yule mwimbaji Selena Gomez, mwaka 2017, alipandikizwa figo ya rafiki yake kwa sababu ya lupus hiihii, na huyo hakukosa fedha za madaktari.

Kuhusu ini. Mtaalamu wenu amekosea hata kiungo. Kinachochungwa kwa haidroksiklorokwini ni macho, si ini. Apimwe macho anapoanza, halafu baada ya miaka 5 apimwe kila mwaka. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo ni 300, na kwa kuwa vidonge vyangu ni vya 200, nameza kimoja leo, viwili kesho. Umesema mdogo wako ana kilo 48 na anameza viwili kila siku. Aulize.

Prednisoloni ndiyo yenye mabaya ya kweli: sukari, mifupa, uso, hasira zisizo na sababu. Madaktari wenyewe siku hizi wanataka kuipunguza hadi miligramu 5 au chini, au kuiondoa kabisa ikiwezekana. Lakini ipunguzwe na daktari, taratibu. Mwili ukizoea kuletewa, tezi zake zinaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka na kufa. Hili mwambie mdogo wako leo, hata kama mengine utayasema kesho.

Shangazi atakwambia homiopathi inatambuliwa na serikali. Ni kweli, hapa Tanzania tiba mbadala ina sheria yake tangu 2002 na watu wanasajiliwa. Usajili unampa mtu ruhusa ya kufungua ofisi, hauthibitishi kwamba kidonge kinafanya kazi. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti mwaka 2015 halikuona ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu. Ufaransa, ambako bima ya taifa ilikuwa inailipia, waliacha kuilipia 2021. Sisi wenyewe tunakumbuka kikombe cha Loliondo mwaka 2011 na waliotupa ARV zao njiani, kwa hiyo hatuhitaji kwenda mbali sana.

Na kama vidonge au unga anaopewa vitamletea nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili tatu, ushtuke zaidi, usifurahi. Kuna watu wanasaga steroidi humo na kuita ni ya asili. Uso ukianza kuvimba mviringo bila prednisoloni ya daktari, peleka kichupa hospitali.

Kwa shangazi usiende na ubishi. Mama yangu alikuwa upande wa yule mtaalamu hadi nilipomkalisha kliniki siku nzima akaona mabinti wa miaka 19 kwenye mashine ya kusafisha damu. Muombe shangazi jambo dogo tu: mdogo wako aende kwa mtaalamu huyo akitaka, aongee naye saa moja na nusu, hata vile vidonge vya sukari ameze, mradi asiache hata kimoja cha hospitali, na kila mwezi apime mkojo. Bei ya kipimo hicho haipishani sana na chipsi mayai. Nje ya hapo mwanamvuli, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama wanayotumia wenzetu wenye ualbino, maana jua la saa sita humwamsha huyu mbwa. Mimi kwenye bajaji nakaa upande usiopigwa jua na nimejifunika kanga hadi puani. Dereva mmoja aliniuliza harusi iko wapi.

Niandikie kwenye meseji majibu ya mkojo yakitoka, uniambie pia anaona daktari gani, wa figo au wa viungo. Jumatano niko kliniki, naweza kumuulizia kama dawa inapatikana kule kwa bei ya chini.