Jino limenyamaza, lakini je, limepona?

Swali: Daktari, hujambo. Nina gego la chini upande wa kulia, la pili kutoka mwisho, ambalo lina tundu tangu mwaka jana. Wiki tatu zilizopita liliniamsha usiku likipwita hadi sikioni. Nilienda kwa kemisti hapa Umoja nikapewa amoxil na dawa ya maumivu, nikameza siku tatu, likatulia. Sasa hata nikinywa soda baridi sisikii kitu, ila nikilitafunia nahisi kama limerefuka kuliko mengine. Shemeji yangu anasema ninunue dozi nyingine niiweke nyumbani, likianza tena niimeze hapo hapo. Rafiki yangu naye anataka kunipeleka kwa mama mmoja anayetoa mdudu wa jino. Nifanye nini hapa nyumbani, na je, ni lazima nimwone daktari wa meno ilhali haliumi? Msomaji, Umoja, Nairobi.

Jibu: Ndugu msomaji, barua yako nimeijibu kabla ya nyingine kwa sababu ya hayo mambo mawili uliyoyataja kama ya kupita tu: kwamba husikii baridi, na kwamba jino limerefuka. Bila eksrei siwezi kuapa, lakini maelezo hayo ni ya jino ambalo kiini chake kimekufa na ugonjwa umeshafika kwenye ncha ya mzizi. Halijapona. Nenda wiki hii.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo kiini. Tundu likikifikia, kiini huvimba. Kidole kikivimba ngozi hutanuka, lakini jino halitanuki, kwa hiyo damu inayosukumwa ndani hukosa pa kwenda. Ukilala, kichwa kinapokuwa usawa mmoja na moyo, msukumo huo huzidi, na ndiyo maana jino hungoja usiku ndipo likutese. Likibanwa hivyo kwa muda, damu hukatika, kiini hufa, na mshipa uliokuwa ukipeleka habari za maumivu hufa pamoja nacho. Baridi haisikiki tena. Mgonjwa hushukuru Mungu, kisha humshukuru kemisti. Bakteria nao hutoka polepole kupitia ncha ya mzizi, uvimbe hujikusanya kati ya mzizi na mfupa, na jino huinuliwa kidogo mno, kiasi ambacho jicho halioni ila ukifunga mdomo ndilo la kwanza kugongwa na la juu. Unapohisi limerefuka, hukosei. Kwenye eksrei mara nyingi tunaona kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali mfupa umeanza kuliwa.

Sasa tuje kwa amoxil, habari ambayo nimeieleza mpaka ulimi umechoka. Dawa ya kumeza husafiri ndani ya damu. Jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu inayoingia ndani. Itafikaje? Hata kabla hakijafa, kiini kinapowaka kwa uvimbe, maumivu hayo hayatulizwi na antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria kama hiyo amoxil. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikisema wazi kwamba mtu mzima ambaye kinga yake ya mwili iko sawa asipewe antibiotiki kwa maumivu mengi ya namna hii. Atibiwe jino lenyewe, na kama hawezi kuifikia tiba siku hiyo, apewe dawa ya maumivu. Wewe ulimeza amoxil wakati ule ule kiini kilipokuwa kikikata roho, pamoja na dawa ya maumivu, na sifa zote zikaenda kwa vile vidonge vya rangi mbili. Hivyo ndivyo imani hii inavyozaliwa, na ndivyo inavyopitishwa kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtu wa ofisini.

Antibiotiki zina kazi yake, na mimi huziandika. Uvimbe ukianza kuenea shavuni au shingoni, homa ikipanda, au mgonjwa akiwa na maradhi yanayodhoofisha kinga, hapo tunazitumia, pamoja na kulifungua jino au kulitoa ili usaha upate njia. Neno ni "pamoja na". Peke yake dawa inakupa muda tu, kisha uvimbe unarudi, na safari hii umewafundisha bakteria wako kuizoea. Hiyo dozi ya kuwekwa kabatini, mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba hapana.

Kuhusu huyo mama wa mdudu sitakaa sana. Hakuna mdudu ndani ya jino. Tundu hulitoboa asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari unayokula. Mbegu za tunguja zikichomwa na mtu akafukizwa moshi wake mdomoni, mbegu hupasuka na kutoa viini vyeupe vilivyojikunja, na hivyo ndivyo anavyoonyeshwa kwenye kopo la maji. Ni mchezo wa zamani sana. Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alikuwa ameshaukataa mwaka 1728. Na wewe kwenye mwaka huu unalipa.

Umeuliza la kufanya nyumbani. Lipo, mradi ukumbuke kwamba ni la kukuvusha usiku mmoja au miwili tu hadi ufike kliniki. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofen miligramu 400 baada ya kula, pamoja na paracetamol gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko watu wanavyodhani. Rudia baada ya saa sita hadi nane, na paracetamol isizidi vidonge vinane kwa saa 24. Soma pakiti, maana dawa nyingi za maumivu za dukani tayari zina paracetamol ndani, na watu huijumlisha bila kujua. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, aiache ibuprofen na abaki na paracetamol hadi aongee na daktari. Na tafadhali, diclofenac na ibuprofen ni za ukoo mmoja. Ukizimeza zote mbili huongezi nafuu, unalichoma tumbo.

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, utoe mabaki ya chakula kwenye tundu. Weka kitambaa chenye barafu juu ya shavu kwa dakika kama kumi na tano, usiweke cha moto. Lalia mito miwili. Mafuta ya karafuu siyapuuzi, kwa sababu eujenoli iliyomo ndiyo ile ile tunayoichanganya na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda. Lakini dondosha tone moja kwenye pamba, ikamue, uiweke ndani ya tundu bila kugusa ufizi, na chupa uifiche mbali na watoto, maana kuyanywa ni hatari kwao.

Usichopaswa kufanya ni kubandika aspirin kwenye ufizi. Mtu huja na utando mweupe ndani ya shavu, ukiugusa kwa pamba unabanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na chini yake nyama iko wazi. Dawa ile hufanya kazi ikishamezwa. Ikikaa juu ya nyama ya mdomo ni asidi tu. Wengine wametumia spiriti, petroli, hata maji ya betri ili jino "lipasuke lenyewe". Hupasuka kweli, na ufizi, ulimi na meno ya jirani huungua pamoja nalo. Baada ya hapo mimi natibu vidonda kwanza, na jino linangoja.

Kuna wakati hata hayo ya nyumbani hayana nafasi, na kwa jino lako nasisitiza. Mizizi ya magego mawili ya mwisho ya chini huishia chini ya msuli unaoshikilia sakafu ya mdomo. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani hapo, hautokezi kijipu ufizini ambacho ungekiona kwenye kioo. Huteremka chini ya taya na kuelekea shingoni. Daktari Mjerumani aitwaye von Ludwig aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ulimi husukumwa juu, sauti hubadilika, mate humtoka mtu kwa kuwa hawezi kumeza, na njia ya hewa hubanwa. Kwa hiyo ukiona uvimbe chini ya taya au shingoni, uvimbe unaofunga jicho, homa, mdomo unaokataa kufunguka, au ugumu wa kumeza na kupumua, usingoje asubuhi na usianze kutafuta kliniki ya meno mtandaoni. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu yenye wodi ya dharura. Kwako wewe wa Umoja, Mama Lucy Kibaki haiko mbali.

Wengi hujificha nyuma ya bei, na siwalaumu, ila hesabu yao wameipiga kinyume. Tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Jino ambalo kiini kimekufa linataka kusafishwa mizizi, ile watu huiita ruti kanali, au kung'olewa, na vyote hufanywa kwa ganzi. Usaha ukifika shingoni ni kulazwa. Kama mfuko ni mwepesi, jaribu idara ya meno ya hospitali ya kaunti, au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu huku wahadhiri wao wakiwasimamia. Watu huogopa neno "mwanafunzi" halafu wanakwenda kukaa kwenye stuli nyuma ya duka kung'olewa jino na mtu ambaye koleo lake halijawahi kuona mvuke wa kusafishia vyombo. Anayeng'oa namna hiyo huvunja jino akaacha mzizi ndani, na koleo lisilosafishwa linaweza kukupa homa ya ini aina ya B. Ukiacha wanafunzi hao wanaosimamiwa, jina la yeyote anayekutibu meno linapaswa kuwemo kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, ambayo unaweza kuiangalia kwa simu yako ukiwa bado kwenye foleni. Asipokuwemo, ondoka, hata kama amekwisha kuvaa glavu.

Na kemisti anayekuuliza "una pesa ngapi?" kabla hajakuuliza ni wapi panauma, kisha anakuhesabia vidonge tisa ndani ya bahasha ya kaki na kuandika 1x3 kwa kalamu, hakutibu. Antibiotiki kisheria hutolewa kwa karatasi ya daktari. Nunua ibuprofen kwake, na ile bahasha mrudishie. Ukija kliniki njoo na majina ya kila ulichomeza, hata kama ni kidonge kimoja cha jirani, na uniambie kama una kisukari au presha.