Maswali yenu: mkoa, kaunti, na ofisi ya kwenda

Baba husema tuko Mkoa wa Bonde la Ufa. Mwalimu anasema mikoa ilikwisha. Nimwamini nani? (Mwanafunzi, Njoro)

Kwenye fomu, mfuate mwalimu: andika Kaunti ya Nakuru. Baba naye hajapotea. Zamani Kenya yetu ilikuwa na mikoa 8, Nakuru ikiwa makao makuu ya Bonde la Ufa, Kisumu ya Nyanza na Kakamega ya Magharibi. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mipaka yake ilifuata wilaya zilizotambuliwa kisheria mwaka 1992. Bonde la Ufa pekee lilitoa kaunti 14, Nyanza 6, Magharibi 4. Majina ya mikoa yamebaki midomoni, na sioni ubaya wowote.

Gavana tulimchagua. Mbona bado kuna kamishna na chifu? (Muuza mboga, Kondele)

Kwa sababu una serikali mbili, mama, na zote zimefika hadi kijijini. Gavana na mwakilishi wa wadi ni wa kaunti, na hao unawapigia kura. Kamishna wa kaunti, manaibu wake, chifu na naibu wa chifu wameajiriwa na serikali ya kitaifa. Kamishna na manaibu wake ndio warithi wa DC (mkuu wa wilaya) na DO (ofisa wa tarafa) wa enzi za mikoa.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa macho, ingia shule yoyote ya msingi ya umma yenye chekechea. Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti. Yule wa Gredi ya 1, darasa la jirani, ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Ua ni mmoja, waajiri wawili. Kwa hiyo dawa zikikosekana zahanati au soko likijaa taka, mwandame mwakilishi wa wadi. Ukihitaji barua ya kuthibitisha unakoishi, nenda kwa chifu. Huniuma sana mtu anapofunga kibanda siku nzima, akapanga foleni, kisha dirishani aambiwe hii si ofisi yake.

Maseno ni ya Kisumu au ya Vihiga? (Msomaji, Luanda)

Kiutawala iko Kisumu, ingawa najua Vihiga wanaidai, na dai hilo lina uchungu wa miaka mingi. Lakini mpaka wa kaunti hausogezwi jukwaani. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka kwanza tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti zikubali.

Nakuru ilipofanywa jiji, sisi wa Molo tulihamishiwa kaunti nyingine? (Mkulima, Molo)

La. Jiji ni mji wa Nakuru tu, uliopewa hati tarehe 1 Desemba 2021, wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Gavana wenu ni yuleyule wa watu wa jijini.