Umetoka kwenye kundi la bongo fleva, sasa umekabidhiwa kwaya

Mbeya na Iringa ni kawaida kijana aliyewahi kuimba kwenye kundi kukabidhiwa kwaya ya kanisa kundi likishavunjika. Ana sauti nzuri, basi atafundisha. Ila kundi la vijana wanne au watano karibu wote huimba tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume, ambayo kwenye kwaya ni sauti ya tatu), kila mmoja na maiki yake, na anayesawazisha sauti ni fundi mitambo. Boyz II Men wa Philadelphia walikuwa na besi wa kweli, Michael McCary, lakini makundi mengi hayana mtu wa namna hiyo. Kwenye kwaya, kazi ya fundi mitambo ni ya sikio lako.

Kwa hiyo usiimbe pamoja nao. Imba mstari mara mbili, nyamaza, sikiliza. Mwalimu anayeimba mfululizo hasikii makosa, na wanakwaya humwegemea. Siku akisafiri wimbo unaanguka. Manjonjo ya sauti nayo yaache. Watu ishirini hawawezi kuyafanya kwa pamoja.

Ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unaimbwa, ndio unaoharibu zaidi. Mwanamume akitoa mfano, sauti ya kwanza (wanawake wa juu) wanauimba oktavu moja juu yake, hivyo ufunguo unaokufaa wewe unaweza kuwaumiza wao. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo: kwa waimbaji wasio na mafunzo isipite F ya pili juu ya C ya kati. Sauti ya nne (besi) isishuke kupita G ya pili chini ya C hiyo hiyo. Ukishusha wimbo kwa transpozi ya kinanda (kitufe cha kubadili ufunguo), irudishe sifuri kabla ya wimbo unaofuata, maana hiyo husahaulika ibadani.

Kwaya ya watu 24 hukaa vizuri ikiwa na 8 sauti ya kwanza, 6 ya pili, 4 ya tatu na 6 ya nne. Waimbaji wa sauti ya tatu wakikosekana, usiwapandishe mabesi kwa nguvu, watapiga kelele kwa koo. Imbeni sauti tatu tu, na zinatosha.

Kwaya ikiimba bila kinanda, mara nyingi wimbo hushuka. Waanzishe, wanyamazishe mwisho wa beti, kisha gusa do, noti ya msingi ya wimbo, kwenye kinanda ujue mmeshuka kiasi gani. Chunguza mi na ti, kwa sababu ndizo huimbwa chini, hasa sauti inapoteremka ngazi au noti moja inaporudiwa mara nyingi. Sababu nyingine ni pumzi kuisha kabla ya mstari: weka alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi, na wawili wa sauti moja wasivute kwa wakati mmoja. Kuwaambia waimbe kwa nguvu zaidi huongeza kushuka.

Angalia pia maneno. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo nyingi zilizotafsiriwa huangusha pigo zito mahali pengine. Noti hiyo iimbwe laini, neno litasikika. M ya "mtakatifu" ni silabi kamili, ipewe noti yake.

Juni na Julai jioni za Mbeya, Njombe na Makete ni baridi kali. Tumia dakika 10 mwanzoni kuvuma mdomo umefungwa, kutetemesha midomo na kuteleza na sauti kutoka chini kwenda juu. Noti za juu zisubiri.

Ukumbi ukidai maiki, mbili mbele zinatosha. Zikiwa mita moja kutoka safu ya mbele, ziachane mita tatu hivi. Zikisogeleana zaidi sauti huwa nyembamba.

Ratiba ifuate shamba. Mvua zikianza Novemba watu wanapanda mahindi na mazoezi yanapungua. Nyimbo za Krismasi zenye sauti nne zianze Septemba, na Desemba mrudie tu mlichokwisha kujua.