Nadharia za sosholojia: anzia mwaloni, madesa yatafuata

Mdogo wangu uliyekuja Mwanza kusoma sosholojia, kozi itakayokutoa jasho mapema ni ile ya nadharia. Mimi nilipiga msuli vibaya. Nilichora jedwali la daftari zima la waasisi wa sosholojia, Marx huku, Durkheim kule, Weber pembeni, kila mmoja na mwaka wake, kitabu chake na fasili tatu. Kazi yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu: "Sawa, lakini wanasema nini kuhusu nini?" Alama sizitaji.

Jumamosi moja nilitumwa dagaa Mwaloni, soko la samaki la ufukweni kule Kirumba. Nikakaa juu ya gunia nikisubiri zamu, na ndipo lile swali la wino mwekundu likaanza kujijibu. Wazee wale watatu wa jedwali langu kila mmoja alikuwa na swali lake, na swali hilo hubebeka hadi ufukweni.

La Marx ni hili: nani anamiliki, nani anafanya kazi, na ziada inamwendea nani? Tazama mtumbwi wa dagaa. Chombo, injini, nyavu na taa ni mali ya tajiri; vijana wanaingia ziwani na mikono yao. Wakirudi, gharama za mafuta hukatwa kwanza, kisha ndipo waongee mgawo. Wengi wenu mtaishia hapo na kuandika "unyonyaji". Msiishie hapo. Marx alipotoa juzuu la kwanza la Das Kapital mwaka 1867, macho yake yalikuwa kwenye viwanda vya Uingereza, ambako mfanyakazi hulipwa ujira. Kijana wa mtumbwini analipwa fungu la samaki. Siku ya hasara anapata hasara pamoja na tajiri, na ukimwita kibarua anaweza kukukasirikia. Je, fungu linaficha unyonyaji, au ni uhusiano wa aina nyingine? Insha yako ianzie hapo nadharia inapokwaruza.

Durkheim, mwaka 1893, aliuliza kwa nini watu wasiofanana wasitawanyike. Mvuvi, mama wa kuanika, kuli, dalali na dereva wa lori huenda hawajuani hata majina, ila mmoja akigoma wote wanakwama. Kutofautiana kwao ndiko kunakowafunga pamoja. (Tahadhari: si kila kitu ni jamii. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mwalo unapoa. Huo ni mwezi tu. Lakini nani anamkopesha nani unga siku hizo? Hapo tumerudi darasani.)

Weber nitampitia haraka: kwa nini watu wanatii? Mzee anatiiwa kwa umri wake, afisa uvuvi kwa mhuri wake. Aina ya tatu, ya mtu mwenye mvuto wa pekee, itafute mwenyewe kanisani au kwenye mkutano wa kampeni.

Na ukiona silabasi imejaa Wazungu watatu, usinung'unike tu, ongeza. Ibn Khaldun, msomi wa Afrika Kaskazini, aliandika Muqaddimah mwaka 1377, akieleza jinsi mshikamano wa kundi unavyojenga dola na unavyolegea. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alichapisha utafiti wake wa Weusi wa Philadelphia mwaka 1899, baada ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Nadharia za kisasa wengi huziogopa kwa ajili ya lugha yake. Anza na Garfinkel, Mmarekani aliyeamini kwamba kanuni za kila siku huonekana pale zinapovunjwa. Wanafunzi wake waliposalimiwa "hujambo?" walitakiwa kuuliza: kuhusu nini hasa, afya, fedha au masomo? Watu walikasirika kweli.

Nikajaribu kwa mama niliyezoea kununua kwake.

"Habari za asubuhi, mwanangu?"

"Unauliza za afya, mama, za hela au za shule?"

Akaweka sado chini. Akanitazama usoni, akanigusa shingo kwa kiganja chenye harufu ya dagaa. "Umekula? Au ni malaria?" Mwenzake wa meza ya jirani akaitwa aje anione.

Aya niliyoandika jioni ile ndiyo ya kwanza kurudi bila wino mwekundu. Mama yule nilimweleza baadaye, akacheka hadi akakaa. Mpaka leo akiniona natokea ananiwahi: "Za afya, za hela, na za shule?"