Kusoma vitabu vilivyopigwa marufuku kwa kikundi: uzoefu wetu wa Mwanza

Mleta uzi anasema yeye na wenzake wa mtaani wanataka kuanzisha kikundi cha kusoma vitabu vilivyowahi kupigwa marufuku au kuondolewa kwenye maktaba za shule. Anauliza waanze na kipi, na kama hawatajitafutia matatizo. Wengi mmemjibu kwa kumpangia majina ya vitabu. Sawa, majina yanasaidia. Ila mimi nimo kwenye kikundi cha namna hiyo hapa Mwanza, miaka kadhaa sasa, tunakutana Jumamosi jioni nyuma ya stesheneri ya mwenzetu, na kwa nilivyoona kuchagua kitabu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kazi ngumu ni kujua nani umkaribishe kwenye yale mabenchi.

Hilo la matatizo nilimalize kwanza. Marufuku haziko sawa. Kuna kitabu kilichozuiwa shuleni tu, kuna kilichozuiwa nchi nzima, kuna ambacho wazazi walikilalamikia yakaishia hapo, na kuna ambacho hakikuguswa ila mwandishi ndiye aliyepelekwa ndani. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikazuiwa kutumika shuleni, halafu miaka ikapita ikaruhusiwa na watu wakaisoma darasani kwa ajili ya mtihani. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 visitumike shuleni kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili yetu. Hilo ni katazo la shule. Kwa hiyo msikutanie shuleni, msichukue wanafunzi bila wazazi wao kujua, na kabla ya kuchagua kitabu ulizieni kilizuiwa na nani, wapi, na kama katazo bado lipo. Mkishajua hayo, kaeni msome.

Sasa nije kwenye watu. Kikundi cha vitabu vya marufuku kina ugonjwa wake: wanaokuja wote wanakuwa wameshakubaliana. Wote wanapenda uhuru wa kusoma, wote wanamlaani aliyezuia, na ndani ya nusu saa mnageuka kuwa wapenzi wa timu moja mnaoangalia mechi ya jana huku matokeo mnayajua. Kitabu chenyewe hakisomwi. Mtu anakuja ameshajua kwamba kitabu ni shujaa, anafungua kurasa kutafuta pale penye moto, akipaona anacheka, anafunga.

Dawa yake ni kumkaribisha mtu anayeona marufuku ilikuwa sahihi, na si kwa ajili ya kumsema. Mpeni kiti, mpeni chai, mpeni zamu ya kusoma kama wengine.

Sisi tulimpata mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha sekondari miaka ya sabini. Alisikia tunaanza Rosa Mistika akaja na nakala yake mwenyewe iliyoshonwa mgongo kwa uzi mweusi. Akakaa, akasikiliza sura za mwanzo bila kusema neno: baba mlevi, Zakaria, mkali hadi kupita kiasi, barua ya mvulana inayomletea bintiye Rosa kipigo, maisha ya Ukerewe yalivyokuwa. Kuna dada wa kikundi ambaye kwao ni huko huko kisiwani, kila tukipita jina la mahali anatuonyesha kwa mkono upande ulipo ziwa. Tulipofika pale Rosa anapoanza kuharibikiwa, mzee akasema, "Mimi kitabu hiki nilikitoa kabatini kwa mikono yangu. Na leo ningekitoa tena."

Kukawa na minong'ono. Binti mmoja, fundi cherehani, akamuuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba kuuliza. Waliomharibu Rosa ni watu wazima, tena wengine wana vyeo. Iweje kitabu kiambiwe kinaharibu watoto?"

Mimi nilidhani hapo mzee ameshikwa. Akavua miwani akajibu, "Marahaba mwanangu. Unasema kweli, na ndiyo sababu nilikitoa. Walimu wangu wa kiume walikuwa wanakisoma ofisini wanachekelea, halafu wanaingia darasani wanawaangalia mabinti. Kitabu kilikuwa kinawasema wao, wao wakakifanya cha kuwasema wasichana. Ningefanya nini? Walimu sikuweza kuwatoa. Nikatoa kitabu."

Jibu hilo hulipati kwenye makala yoyote inayotetea uhuru wa kusoma. Hatukukubaliana naye, hata leo hatujakubaliana. Yule fundi alimwambia papo hapo kwamba basi waliobaki bila ulinzi ni wale mabinti, maana walimu walibaki, kitabu kikaondoka, na mabinti ndio wangekisoma wakajua wanawindwa vipi. Mzee akasema hilo hakuwahi kulifikiria hivyo, ila hakurudi nyuma. Tuliendelea hadi mwisho wa riwaya tukiwa na maswali mawili, la kwake na la fundi, na mtu akisoma aya unaona wengine wanaipima: hii ni ushahidi wa nani? Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakimjadili Zakaria kwa kirefu kuliko Rosa. Bila yule mzee tungezungumzia ngono tu tukaenda zetu nyumbani.

Kuhusu namna ya kusoma: someni kwa sauti. Najua kuna waliosema humu kila mtu asome kwake halafu mkutane kujadili. Kwa wenye nafasi ni sawa. Kwetu nakala ni chache, mtu anatoka sokoni amechoka, na ukimwambia asome sura tano nyumbani utamkosa wiki ijayo kwa aibu ya kutokusoma. Mkisoma pamoja hakuna aliyechelewa. Halafu, na hili ndilo kubwa, mkisoma kwa sauti hamwezi kuruka. Kile kipande kilicholalamikiwa kinafika kikiwa mahali pake, na yaliyokitangulia yakiwa bado masikioni. Mara nyingi ukikisikia hivyo unashangaa kelele zote zile zilitoka wapi. Mara nyingine unasema hapana, hapa hata mimi ningesita kumpa mtoto wa darasa la sita. Yote mawili yametutokea.

Mtindo huu wala si wa kisasa. Ngugi wa Thiong'o ameeleza jinsi riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, ilivyosomwa majumbani jioni, mmoja akisoma na familia nzima ikisikiliza. Hadi baa. Msomaji akifika penye utamu ananyamaza, anaweka kitabu chini, glasi imeisha. Watu wanamwagizia nyingine ili aendelee. (Kwetu ni chai na maandazi, na wasomaji wetu nao wameshaijifunza hiyo mbinu.) Riwaya hiyo haikuzuiwa. Iliyofuata, Matigari, ndiyo iliyopata kisanga: Ngugi anasimulia kwamba serikali ilisikia kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka akiulizia ukweli na haki, ikatoka amri akamatwe, kuja kugundua ni mhusika wa kitabu. Basi kikakamatwa kitabu, Februari 1987.

Kama mnataka cha kuanzia, mimi ningesema tamthilia kuliko riwaya, kwa sababu kila mtu anapata mhusika na hata mwoga anasoma mistari yake mitatu. Sisi tulisoma Nitaolewa Nikipenda, ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Iliigizwa kwa Kikuyu huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji wenyewe ndio waigizaji na jukwaa walilijenga wao. Novemba kibali kikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi mwaka mzima karibu. Angalieni hapo: kilichozuiwa kilikuwa onyesho. Maandishi yalikuja kuchapishwa baadaye. Inaonyesha waliogopa nini hasa, maana kitabu mtu anaweza kukisoma peke yake akakisahau.

Kwenye tamthilia hiyo Kiguunda ana hati ya shamba lake la eka moja na nusu, ameitundika ukutani, anaitoa anaisoma, anairudisha. Kijana mwendesha bajaji ndiye aliyesoma Kiguunda. Kila akifika pale pa hati alikuwa anachukua risiti kwenye meza ya stesheneri anaiinua juu, watu wanacheka. Tulipofika kwenye mkopo wa benki, ule wa kufanyia harusi ya kanisani ili wafanane na matajiri, hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, "Hiyo ni kausha damu," yaani ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Jioni ile tamthilia haikuendelea tena, watu walihesabu mikopo: nani alikopea nini, nani alinyang'anywa friji, nani bajaji. Mimi sikuwarudisha kwenye kitabu, na nakushauri na wewe usiwe na haraka ya kuwarudisha. Jumamosi iliyofuata walikuja wengi kuliko kawaida.

Kwa ushairi, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Huyu aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka kitabu mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Lile shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi lisomwe na watu wawili waliokaa pande mbili, kila mmoja na ubeti wake. Mtafuteni na mtu wa Mombasa, maana ni Kimvita na sisi wa bara tunapotea njiani.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema ukiona kitabu kimepigwa marufuku ujue ni kizuri. Sikubaliani. Baada ya lile tangazo la 2023 wazazi wa kikundi walitaka kuona hivyo vitabu. Mmoja mwanawe alikuwa nacho kimoja cha mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, wa Mmarekani Jeff Kinney, ambao ulikuwa kwenye orodha. Tukakisoma, watu wakiwa wamejiandaa kwa aibu. Ni mtoto mvivu anayemlalamikia mama yake na kaka yake. Tulitafuta ukurasa wa kubishania tukakosa kuafikiana ni upi, na mzee wetu mwalimu alisinzia. Wengine walisema tatizo ni mtoto kukosa heshima kwa wazazi, na hoja hiyo ilipata wafuasi wake. Lakini kitabu chenyewe kwa watu wazima wanane kukaa saa mbili, hapana. Marufuku haikifanyi kitabu kiwe na utamu.

Mwingine ameshauri tuige Marekani, ambako tangu 1982 wana wiki ya kila mwaka ya kusoma vitabu vilivyozuiwa. Ni jambo zuri, ila wenzetu kitabu kinalalamikiwa kikiwa kwenye rafu ya maktaba ya umma au ya shule, kuna bodi, kuna kikao, mzazi anasimama anaongea. Huku shule nyingi maktaba ni kabati la mwalimu mkuu, na funguo anayo yeye. Kitabu kinaweza kuondoka hapo bila tangazo la mtu yeyote. Hivyo kabla ya kutafuta orodha ya wizara, muulizeni mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu yeye alitoa nini.

Mambo madogo. Msitoe kopi kitabu kizima, hata kama stesheneri ni ya rafiki; nunueni nakala chache mzungushe, kwa Rosa Mistika sisi tulitumia toleo la Kenya Literature Bureau. Mwongozaji abadilike kila kitabu. Anayesoma asikatizwe matamshi, isipokuwa akiomba. Na simu ziwe mfukoni, kwa sababu mtu akishahisi anarekodiwa hasemi la moyoni, hasa huyo mpinzani wenu mliyemtafuta kwa shida.

Kama uko Mwanza karibu, mwezi ujao tunaanza tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, ya mwaka 1981, iliyomletea mwandishi kizuizi mwaka uliofuata. Tunatafuta mwenye sauti ya kutosha kumsoma Lanina, mhusika mkuu wa kike, kwa sababu fundi cherehani amekataa, anasema safari hii anataka kusoma bosi.