Maswali ya Wasomaji: Je, Anayeipinga Serikali Wakati wa Vita Ameisaliti Nchi?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu vita vianze nimekuwa nikisema waziwazi kwamba serikali yetu ilikosea kuviingia, na kwamba inakosea zaidi kwa namna inavyoviendesha. Sijawahi kumwombea adui ushindi, na mpwa wangu mwenyewe yuko mstari wa mbele. Hata hivyo, katika kikao cha familia cha hivi karibuni kaka yangu mkubwa aliniita msaliti mbele ya watu wote, akasema kwamba mzalendo wa kweli hufunga mdomo mpaka vita viishe, ndipo adai hesabu. Wadogo zangu walinyamaza, na nadhani walikubaliana naye. Ninamheshimu kaka yangu na sipendi kumvunjia heshima mbele ya watoto wake, lakini dhamiri yangu hainiruhusu kukaa kimya. Je, nimekosa uzalendo?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, hujakosa uzalendo, na ninalisema hili bila kusitasita, kwa sababu barua yako imetenganisha mambo mawili ambayo kaka yako ameyachanganya. Nchi ni watu wake, ardhi yake, sheria zake na vizazi vitakavyokuja. Serikali ni watu waliokabidhiwa kuiongoza kwa muda. Mwenye kuipenda nchi anaweza kuona kwamba waliokabidhiwa wanaipeleka pabaya, na akinyamaza baada ya kuliona hilo, atakuwa ameinyima nchi yake msaada aliokuwa na uwezo wa kuutoa.

Kaka yako atajibu kwamba maneno haya yanafaa wakati wa amani tu. Tumsikilize kwa haki, maana hoja yake ina uzito. Vita vina siri zake na haraka zake, wananchi wanahitaji kusimama pamoja, na adui hufurahi anapotuona tumegawanyika. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna wakati ambapo kosa la serikali hugharimu roho za watu wengi kama wakati wa vita, na roho hizo hazirudishwi na tume ya uchunguzi itakayoundwa baada ya amani. Anayeshauri tungoje mpaka mwisho ndipo tudai hesabu anatutaka tuidai wakati wale waliohusika nayo zaidi hawapo tena.

Chukua habari ya David Lloyd George. Uingereza ilipokuwa ikipigana na Makaburu huko Afrika Kusini kuanzia mwaka 1899, mbunge huyu alivipinga vita vile ndani na nje ya Bunge. Tarehe 18 Desemba 1901 alikwenda kuhutubia Birmingham, mji uliokuwa ngome ya waziri aliyevipigia debe vita hivyo. Umati uliuzingira ukumbi na kuvunja madirisha kwa mawe, ikabidi mbunge atoroshwe akiwa amevalishwa sare ya polisi. Miaka 15 baadaye, Desemba 1916, mtu yuleyule alikabidhiwa uwaziri mkuu katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaiongoza nchi yake mpaka ushindi. Sioni kwamba mapenzi yake kwa nchi yalizaliwa kati ya tarehe hizo mbili. Alivipima vita mara mbili kwa akili yake, akaona vya kwanza havistahili na vya pili vinastahili, na waliomrushia mawe mara ya kwanza walidhani kupima kwenyewe ni usaliti.

Katika vita hivyohivyo vya Makaburu kuna habari nyingine inayonigusa zaidi. Jeshi la Uingereza lilichoma mashamba na kuwakusanya wanawake na watoto kambini. Mwanzoni mwa mwaka 1901 Mwingereza mmoja, Emily Hobhouse, alizitembelea baadhi ya kambi hizo, akaandika ripoti iliyojaa mambo yanayoonekana madogo: mahema yaliyosongamana watu, maji machafu, chakula kisichotosha, na ukosefu wa sabuni, ambayo alijibiwa kwamba ni kitu cha anasa. Kwao alishambuliwa kama adui wa askari wa nchi yake, na aliporudi Cape Town mwezi Oktoba alizuiwa kushuka melini, kisha akarudishwa Uingereza kwa nguvu. Lakini serikali ililazimika kutuma tume ya wanawake, chini ya Millicent Fawcett, nayo ikathibitisha mengi aliyoyasema, na hali kambini ikaanza kurekebishwa. Makaburu zaidi ya 26,000 walifia katika kambi hizo, wengi wao watoto. Waafrika waliowekwa katika kambi zao za pekee walikufa kwa maelfu pia. Kambi zao yeye hakuzifikia, na vifo vyao viliandikwa kwa uangalifu mdogo zaidi, jambo linaloonyesha kinachowapata watu wasio na wa kuwasemea. Kama Hobhouse angefuata ushauri wa kaka yako, ripoti yake ingetoka baada ya mkataba wa amani wa mwaka 1902, na watoto waliopona kwa sababu ya marekebisho yale wangekuwa wamekwisha kuzikwa.

Ama kuhusu furaha ya adui, mtajie kaka yako siku mbili za Bunge la Uingereza, tarehe 7 na 8 Mei 1940. Vita na Ujerumani vilikuwa vimeanza, na kampeni ya kijeshi ya Waingereza huko Norway ilikuwa imeharibika. Admirali Roger Keyes, aliyekuwa pia mbunge, aliingia ukumbini akiwa amevaa sare kamili na nishani zake, akaeleza jinsi kampeni ile ilivyovurugwa. Leo Amery, mtu wa chama kilekile cha Waziri Mkuu Neville Chamberlain, aliitaka serikali hiyo iondoke. Kura zilipohesabiwa, serikali iliyozoea kushinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 200 ilipata 281 dhidi ya 200. Chamberlain alijiuzulu tarehe 10 Mei, siku ileile majeshi ya Ujerumani yalipoingia Uholanzi na Ubelgiji. Haikupata kuwepo siku mbaya zaidi ya kubadilisha uongozi, lakini adui hakupata faida aliyoitarajia, kwa kuwa Winston Churchill alishika hatamu akiwa na serikali ya vyama vyote. Wabunge wale wangenyamaza kwa ajili ya umoja, umoja huo usingepatikana.

Nina angalizo moja kwako, na naomba ulipokee kwa moyo mweupe. Kuipinga serikali peke yake hakumfanyi mtu kuwa mzalendo. Wapo wanaoipinga kwa chuki ya chama, kwa kinyongo cha kukosa cheo, au kwa kufurahia tu kuona mambo yanaharibika, na hao wakisikia habari njema kutoka vitani hununa. Jipime kwa hilo. Ukisikia kwamba kikosi cha mpwa wako kimeokoka katika hatari, na habari hiyo inaidhoofisha hoja yako, je, unafurahi? Naamini unafurahi. Basi nenda kwa kaka yako mkiwa wawili tu, bila watoto wala mashahidi, umweleze kwamba unayoyasema unayasema kwa ajili ya kijana yuleyule anayemwombea yeye. Na wewe usimwite kibaraka wa serikali. Anaweza kuwa anaiunga mkono baada ya kufikiri sana, na haki unayoidai wewe ni yake pia.

SWALI: Mwanangu ni askari na yuko vitani. Kila ninapofungua redio nawasikia watu waliokaa salama wakisema kwamba vita hivi ni vya bure. Je, hawamvunji moyo mwanangu? Kwa nini wasingoje mpaka arudi?
Mama wa askari

JIBU: Mama, pole sana kwa wasiwasi unaoubeba, na Mungu amlinde mwanao. Mtu anayewakejeli askari, au kuwaita wauaji kwa sababu tu wametii amri halali, anakutendea vibaya wewe na mwanao, nami sitamtetea. Hata maneno ya haki yanaweza kukuumiza yakisemwa na mtu ambaye hana wa kwake kule, na ningependa wanaosema redioni wakumbuke kwamba wazazi wanasikiliza.

Pamoja na hayo, nakuomba utazame yaliyotokea mwaka 1915. Tarehe 14 Mei gazeti la The Times la London lilichapisha habari ya mwandishi wake wa mambo ya kijeshi kwamba mashambulizi ya Waingereza nchini Ufaransa yalikuwa yakikwama kwa upungufu wa makombora. Wiki moja baadaye gazeti la Daily Mail lilimlaumu waziwazi Lord Kitchener, waziri wa vita aliyependwa mno na wananchi. Nakala za gazeti hilo zilichomwa moto katika soko la hisa la London, na waliozichoma bila shaka waliamini kwamba wanawatetea askari. Wakati huohuo iliundwa serikali ya mseto pamoja na wizara mpya ya silaha iliyowekwa chini ya Lloyd George, yule aliyetoroshwa Birmingham, na utengenezaji wa makombora ukaongezeka sana. Askari aliyeko handakini alihitaji makombora, na njia ya kuyapata ilipitia kwenye lawama ambazo watu wema walizichoma moto.

Kinachomvunja moyo askari kuliko maneno ya redioni ni kuishiwa risasi, kuchelewa kwa matibabu na kutumwa mahali bila kuelezwa sababu. Mambo hayo hurekebishwa pale mtu asiyefungwa na amri anapoyasema. Mwanao haruhusiwi kuyasema; amekula kiapo.

Tena uwe mwangalifu, Mama, na wale wanaowahi kuwabebesha wapinzani lawama za kushindwa. Tarehe 29 Septemba 1918 Jenerali Erich Ludendorff mwenyewe ndiye aliyeiambia serikali ya Ujerumani kwamba ni lazima iombe kusitisha mapigano, kwa kuwa jeshi lilikuwa ukingoni. Vita vilipokwisha, majenerali na wafuasi wao walieneza hadithi kwamba jeshi halikushindwa, bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa na wapinga vita waliobaki nyumbani, na Wayahudi wakatwishwa lawama hiyo kuliko wengine. Uongo huo uliwapa Wanazi silaha ya siasa, na Ujerumani iliulipia kwa vita vingine vilivyowameza watoto wa kizazi kilichofuata. Kwa hiyo wanaposema vita hivi ni vya bure, waulize ushahidi wao. Wakiwa nao, wanataka mwanao arudi nyumbani kama unavyotaka wewe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninaandika katika gazeti la wanafunzi. Rafiki yangu aliyeko jeshini ameniambia kwamba kikosi chao kinapungukiwa dawa. Nikiandika, je, nitakuwa nimefichua siri ya vita? Mpaka uko wapi?
Mwandishi chipukizi

JIBU: Mpaka upo, na haupiti mahali ambapo serikali nyingi hupenda kuuchora. Mwaka 1931 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyoupa uhuru wa magazeti ushindi mkubwa, ilisema hata hivyo kwamba hakuna atakayehoji kwamba serikali inaweza kuzuia kuchapishwa kwa tarehe za kuondoka kwa meli za askari, au idadi na mahali walipo askari. Naona kipimo hicho ni cha busara: habari inayomwezesha adui kumpiga askari kesho haichapishwi, hata kama ni ya kweli. Habari kwamba waziri hakununua dawa za kutosha, au kwamba sababu iliyotolewa ya kuingia vitani haikuwa kweli, ni mali ya wananchi.

Sababu hiyo ya pili siitaji bure. Mwezi Agosti 1964 Bunge la Marekani lilimpa rais madaraka mapana ya kupigana Vietnam baada ya kuelezwa kwamba meli zake zilikuwa zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 416 bila mpinzani, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya mbili, za Wayne Morse na Ernest Gruening. Shambulio la pili, kama ilivyokuja kujulikana, halikutokea. Maseneta wote wawili walipoteza viti vyao mwaka 1968, na Wamarekani waliokufa katika vita hivyo walizidi 58,000, kando ya Wavietnamu ambao idadi yao ni kubwa mara nyingi zaidi. Waliouliza maswali mwaka 1964 walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nchi ile ingenufaika kama wangekuwa wengi.

Ujue pia kwamba sheria inaweza kukukaba hata ukiwa na haki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unaruhusu uhuru wa kujieleza upunguzwe katika hali ya hatari iliyotangazwa rasmi, kwa kiasi kinacholazimika tu, ingawa hauruhusu kamwe uhuru wa dhamiri uguswe. Eugene Debs, mwanasiasa wa Marekani, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba moja ya kupinga vita aliyoitoa Juni 1918, na ingawa vita vilikwisha mwezi Novemba, alipelekwa gerezani Aprili 1919. Aligombea urais mwaka 1920 akiwa gerezani, akapata kura zinazokaribia milioni moja. Kwa hiyo isome sheria ya nchi yako kabla ya kuandika, na ikiwezekana uwe na wakili wa kumwuliza.

Ukiamua kuandika, tafuta kwanza mtu wa pili atakayethibitisha habari ya dawa, kisha uiombe wizara majibu na uyachapishe jinsi yalivyo. Eleza ni dawa za aina gani zimepungua na upungufu huo umedumu kwa muda gani. Acha jina la kikosi, mahali kilipo, idadi ya wagonjwa na njia inayotumiwa kupeleka vifaa. Rafiki yako usimtaje kwa jina wala kwa cheo, wala kwa namna ya kuzungumza ambayo wakubwa wake wanaweza kuitambua, kwa sababu adhabu inayoweza kukupata wewe uraiani si sawa na ile itakayompata yeye chini ya sheria za kijeshi.