Visima vipya, au kuziba mivujo kwanza?

Swali: Mji wetu una watu wapatao 40,000. Tunasukuma mita za ujazo 5,000 kwa siku, lakini ankara za wateja zinafikia 2,900 tu. Mitaa ya mlimani hupata maji usiku, tena kwa mgao. Tuna fedha za visima viwili virefu. Tuchimbe?

Jibu: Bado. Kisima cha lita 10 kwa sekunde kikisukumwa saa 16 hutoa mita za ujazo 576, kwa hiyo viwili vitawapa kama 1,150. Ninyi mnapoteza 2,100 kila siku. Mkiongeza maji kwenye mabomba hayo hayo, sehemu kubwa itafuata njia ile ile.

Kwanza hakikisheni hiyo 5,000. Je, imesomwa kwenye dira kubwa (mita ya maji), au ni uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha pampu ukazidishwa kwa saa? Pampu iliyochakaa hutoa pungufu ya kibao chake, na hapo nusu ya "upotevu" inaweza kuwa ya kwenye karatasi. Fungeni dira kwenye chanzo na kwenye kila tangi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kisha tenganisheni mivujo na wizi, dira zilizokwama na maungio yasiyosajiliwa. Chagueni eneo la wateja kama 1,000 linaloweza kufungwa kwa vali na kulishwa na bomba moja, mpime mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala na maji mengi yanayopita yakiwa ya mivujo. Kwa mji wenye mgao kuna mtego: saa hizo matangi ya majumbani ndiyo yanajaa, na kipimo kitawadanganya. Lipeni eneo hilo maji mfululizo siku mbili tatu, matangi yajae, ndipo mpime. Kama hakuna dira, zibeni kwa vali bomba linaloingia kwenye tangi linalolisha eneo hilo, mwangalie kina kinavyoshuka. Tangi lenye sakafu ya mita za mraba 100 likishuka sentimita 14 kwa saa, zimetoka mita za ujazo 14. Toeni mbili za matumizi halali ya usiku, zinabaki 12. Zidisheni kwa 20, si 24, kwa kuwa mchana presha hushuka na mvujo hupungua: takriban 240 kwa siku, kwa eneo moja. Tafuteni kwanza kwenye maungio ya wateja, hasa kwenye kishikio kinachokaa juu ya bomba kuu. Bomba lililopasuka barabarani huonekana na kuzibwa haraka. Mivujo midogo ya maungio hukaa miaka.

Mitaa ya mlimani ni suala jingine. Fungeni geji ya presha kwenye nyumba ya juu kabisa, isomwe saa 24 katika siku ya maji. Ikionyesha bar 2 usiku na karibu sifuri mchana, tangi lina kimo cha kutosha ila bomba linabana. Kabla ya kulibadilisha, kagueni vali zote njiani mkihesabu mizunguko: vali iliyoachwa nusu imefungwa ni jambo la kawaida mno. Kagueni pia vali za kutoa hewa kwenye vilele. Vyote vikiwa sawa, bomba la milimita 150 hupitisha karibu mara tatu ya lile la 100 kwa upotevu ule ule wa presha.

Ikiwa hata usiku haifiki bar 1, bomba nene halitasaidia. Jengeni tangi la juu lenye kanda yake, yaani mabomba yanayolisha mitaa ya mlimani peke yake, lijazwe na pampu inayovuta kutoka tangi la chini. Pampu isivute moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Huwanyang'anya walio chini, na presha ikishuka chini ya sifuri maji machafu huingia kupitia matundu yale yale ya mivujo.

Mnapolaza bomba jipya, wekeni bajeti ya kuhamisha kila mteja na kukata la zamani. Likiachwa na maji, litaendelea kuvuja pembeni ya jipya.

Visima mtavihitaji baadaye. Mji ukikua asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 mtakuwa kama 72,000. Kwa lita 80 kwa mtu na upotevu wa asilimia 20, hiyo ni mita za ujazo 7,200 kwa siku ya kawaida. Siku ya matumizi makubwa ongezeni thuluthi.